Mdomo Usiachwe na Wimbo: Ushauri kwa Wanaoshuti Slomosheni Kuanzia Kitaya Hadi Msimbati

Msanii anatembea kwenye mchanga wa Msimbati, shati limejaa upepo wa kusi, wimbi linajikunja nyuma yake taratibu. Kila kitu kimetulia na kinapendeza. Halafu anafungua mdomo kuimba, na video nzima inaporomoka: wimbo umeshafika kwenye kiitikio, mdomo bado unahangaika na maneno ya mwanzo wa beti. Mhariri anajua hapo hakuna dawa, kwa hiyo anaanza kuficha. Anaweka mgongo wa msanii, viatu, miwani ya jua, machweo, halafu mgongo tena. Video inatoka bila sura ya mtu anayeimba, na mama yake msanii kule Nanyamba akiiangalia anauliza mwanangu mbona simwoni.

Nawaandikia ninyi mnaoshuti huku kusini, wenye kamera moja ya kuazima au simu yenye kioo kilichopasuka. Tangu Harmonize, mtoto wa Mtwara, alipoanzisha Konde Music Worldwide mwaka 2019, hakuna tena wa kumwambia kijana wa Kimakonde kwamba muziki ni wa watu wa Dar es Salaam. Sasa mnataka video zenye hadhi, na mnataka kuzishuti nyumbani: Mikindani kwenye majumba ya mawe, Ruvula, bonde la mpunga la Kitaya, mikoko ya maingilio ya Mto Ruvuma. Nawaunga mkono kwa moyo wote. Ninachoomba ni mjue kwamba slomosheni yenye mtu anayeimba huamuliwa kwa hesabu, na hesabu hiyo hufanywa nyumbani kabla pikipiki haijawashwa.

Kamera inayoshuti fremu 50 kwa sekunde inanasa picha mara mbili ya zile zinazohitajika kwenye video ya fremu 25. Fremu hizo zikichezwa kwa mwendo wa 25, sekunde moja ya ufukweni inakuwa sekunde mbili kwenye skrini. Wimbi linapungua mwendo kwa nusu, na mdomo nao vilevile. Wimbo haupungui, kwa sababu unataka usikike kama studio ilivyoutoa. Hapo ndipo viwili hivyo vinapoachana. Dawa yake ni mdomo ukimbie mara mbili siku ya kushuti, ili ukija kupunguzwa urudi kwenye mwendo wa wimbo. Na mdomo haukimbii mara mbili kwa kubahatisha. Unafuata wimbo unaochezwa hapo ufukweni kwa kasi maradufu.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni video ya wimbo Yellow wa Coldplay, ya mwaka 2000. Waongozaji James Frost na Alex Smith waliishuti kwenye ghuba ya Studland, kusini mwa Uingereza. Mwimbaji Chris Martin anatembea peke yake ufukweni, kamera ikiwa mbele yake, kipande kimoja tangu mwanzo hadi mwisho. Ilishutiwa kwa fremu 50, naye akaimba huku wimbo ukichezwa mara mbili ya kasi yake. Siku ile ilikuwa na mvua na upepo, na hawakuwa na mandhari ya kifahari. Itazame ukiwa umezima sauti, uangalie maji na koti lake, kisha iwashe sauti uangalie mdomo. Dunia yote inakwenda polepole, mtu mmoja tu yuko kwenye wakati wake. Hisia hiyo ndiyo mnayoitafuta, na hata Msimbati inapatikana.

Hesabu yenyewe ni kugawanya. Chukua idadi ya fremu unazoshuti kwa sekunde, gawa kwa idadi ya fremu za video itakayotoka. Jibu ndilo kasi ya wimbo siku ya kushuti. Ukishuti 50 na video ikatoka 25, wimbo uchezwe mara 2. Ukishuti 60 na video ikatoka 30, ni mara 2 vilevile. Ukishuti 60 lakini taimulaini ya mhariri ni 25, jibu ni 2.4, na hapo ndipo wengi wanapoumia, maana wao wamecheza wimbo mara 2 kwa mazoea. Ukishuti 100 kwa video ya 25, jibu ni 4, na hakuna binadamu wa kuimba mara nne ya kasi akaeleweka. Kwa hiyo fremu 100 au 120 ziachieni maji, mchanga, kanga inayopepea na miguu ya wachezaji. Mdomo usiingie humo.

Kuna kasi nyingine ndogo ambayo haipewi heshima inayostahili. Shuti fremu 30, video itoke 25, wimbo uchezwe mara 1.2. Mtazamaji hatasema hii ni slomosheni. Ataona tu kwamba msanii ana uzito fulani, hatua zake zimetulia, nguo inashuka vizuri. Kwa mwimbaji ambaye hajazoea kukimbiza maneno, anzeni hapo. Mimi ningeitumia kwa beti, halafu mara 2 ningeiweka kwenye kiitikio peke yake, ambako maneno ni machache na msanii anayajua hata akiwa usingizini.

Kwa Tanzania nashauri mshike 25 na 50, na sababu yake ni umeme. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi zinazotumia umeme huo hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, kamera inaona. Ukishuti fremu 50 kwa kasi ya shata ya 1/100, kila fremu inapata mpepeso mmoja kamili na mwanga unatulia. Ukishuti 60 kwa 1/120 ndani ya ukumbi wenye taa za umeme, picha inaanza kupiga mawimbi ya giza na mwanga, na ukishaipunguza mwendo yanaonekana zaidi. Nje juani hakuna tatizo hilo. Taa zinazotumia betri moja kwa moja, kama nyingi za sola, kwa kawaida hazipepesi, ila nyingine zikipunguzwa mwanga huanza. Na jenereta ikichoka haikai kwenye hezi 50 sawasawa. Kabla ya yote elekeza kamera kwenye taa kwa sekunde kumi, icheze polepole, uangalie. Kumbuka pia kwamba shata ya 1/100 inakula nusu ya mwanga ukilinganisha na 1/50 ya kawaida. Saa sita mchana Mtwara jua linatosha na kusaza, lakini baada ya machweo utakosa mwanga mapema kuliko ulivyozoea.

Simu zina ugonjwa wao. Nyingi zinatoa 30 na 60 tu. Si dhambi. Mwambie mhariri aweke taimulaini ya 30, wimbo uucheze mara 2, mambo yatakaa. Ugonjwa ni kwamba simu haishiki mwendo mmoja. Mwanga ukipungua au simu ikipata joto, fremu 60 zinakuwa 58, kisha 60, kisha 57, na faili linaandikwa hivyohivyo. Mwanzo wa wimbo mdomo uko sawa, katikati unayumba. Tumia programu ya kamera inayokuruhusu kufunga idadi ya fremu, funga na mwanga pamoja na fokasi, na simu usiiache juani kati ya kipande na kipande. Jingine ni kwamba vifaa vingi vinavyoandika 60 kwa kweli vinashuti 59.94. Tofauti hiyo inaonekana haina maana. Lakini chukua wimbo wa dakika 4, ushuti kwa 59.94 ukidhani ni 60, uweke kwenye taimulaini ya 25 au 30 kamili. Mwisho wa wimbo mdomo utakuwa umeachana na sauti kwa karibu robo sekunde. Robo sekunde ni fremu sita za video ya 25, na hilo hata mtoto analiona.

Na hiyo kazi ya slomosheni iliyomo ndani ya simu na kamera, ile unayobonyeza na picha inatoka tayari imepunguzwa, msiitumie kwa vipande vya kuimba. Kamera nyingi zikiwa kwenye hali hiyo hazirekodi sauti kabisa, na sauti ya hapo ufukweni utaihitaji sana baadaye. Shuti kwa hali ya kawaida ya fremu 50 au 60 yenye sauti, upunguze mwendo wakati wa kuhariri.

Sasa wimbo. Mwambie prodyuza akupe faili la mwisho, lililokamilika. Wimbo ambao haujafungwa usiushutie. Akibadilisha tempo hata kidogo baada ya siku ya kushuti, kazi yote imekwenda na maji. Faili la kasi mtengeneze kwenye kompyuta, msitegemee kitufe cha kuongeza kasi kwenye programu ya kusikilizia muziki, maana hamtajua kama mara 2 yake ni 2 kweli. Programu ya bure ya Audacity inatosha. Ndani yake kuna njia mbili. Moja inaongeza kasi na sauti inapanda, mwimbaji anasikika kama katuni. Nyingine inabadili tempo peke yake na sauti inabaki kwenye kimo chake. Waimbaji wengi wanapata raha na hii ya pili, kwa sababu wanaisikia sauti yao wenyewe na hawacheki katikati ya kipande. Ila muangalie mnavyojaza namba. Sehemu ya kubadili tempo inauliza asilimia ya ongezeko. Kwa mara 2 unaandika 100. Ukiandika 200 umepata mara 3, na mwimbaji atadhani ana matatizo.

Mwanzoni mwa faili hilo ongeza milio minne ya kuhesabia inayokwenda na biti, ili mwimbaji aingie kwa wakati. Kisha likate vipande vipande: beti la kwanza, kiitikio, beti la pili, daraja, kila kimoja na milio yake. Wimbo wa dakika 3 na nusu ukichezwa mara 2 unakwisha kwa dakika 1 na sekunde 45, na watu wanapenda kuukimbiza wote kwa pamoja. Mimi sipendi. Mwimbaji anayekimbiza maneno anachoka haraka kuliko anavyokubali, na uchovu unaanza kuonekana machoni kabla haujafika mdomoni.

Ndugu yangu unayeimba, hili ni lako. Faili la kasi lichukue wiki nzima kabla. Anza na mara 1.25, nenda 1.5, malizia 2. Imba kwa sauti kabisa, siku ya mazoezi na siku ya kushuti, usichezeshe midomo tu. Mtu anayeimba kweli, mishipa ya shingo inafanya kazi, kifua kinapanda, taya linashuka, na kamera ya slomosheni inayaona hayo yote kwa utulivu ambao hajawahi kuupata mtazamaji wa jukwaani. Kikubwa zaidi ni kutenganisha mdomo na mwili. Mdomo unakimbia, mwili unakwenda kwa mwendo wake wa kawaida. Hapo ndipo wengi wanaposhindwa: wimbo ukienda mbio nao wanatikisa kichwa mbio, mikono inaruka, macho yanapepesa. Ukikimbiza mwili pamoja na mdomo, vyote vikipunguzwa vinarudi kuwa vya kawaida, na umeipoteza slomosheni yako. Tembea polepole, geuka polepole, mkono ushushe kama hausikii biti. Kupepesa macho nako kuwe kuchache.

Kiswahili kinatusaidia sana kwenye kazi hii. Herufi m, b na p hazitamkiki bila midomo kufungana, na f na v zinataka meno ya juu yaguse mdomo wa chini. Hizi ndizo ambazo mtazamaji anazikagua bila kujua kwamba anakagua. Chukua neno mapenzi, ambalo halikosi kwenye nyimbo zetu. Midomo inafungwa kwenye m, inafunguka kwenye a, inafungwa tena kwenye p, inafunguka kwenye e. Milango miwili ndani ya neno moja. Kwa kasi ya mara 2 mfungo wa p unaweza kuchukua fremu mbili tatu tu kati ya zile 50, kwa hiyo mwimbaji mvivu anauruka, na neno linaonekana kama mahenzi. Mwambie azifunge herufi hizo kwa makusudi. Irabu anaweza kuzifupisha, hakuna atakayemshtaki.

Singeli nayo inataka mazungumzo yake. Bongo Fleva ya taratibu yenye biti 90 kwa dakika ukiizidisha mara mbili unapata 180, inaimbika. Singeli inaanzia kwenye 200 na kupanda, nyingine inakaribia 300. Hiyo huizidishi. Nimeona watu wanalazimisha na matokeo yake ni msanii anayetafuna hewa. Kwa singeli kuna njia mbili ninazoziamini. Ya kwanza, mdomo ushutiwe kwa mwendo wa kawaida na slomosheni wapewe wachezaji. Ya pili ni kuigeuza hesabu: shuti fremu 12, video itoke 24, wimbo uchezwe kwa nusu ya kasi yake. Mwimbaji anatamka taratibu na kwa usafi, na ikirudishwa kwenye mwendo wake mdomo unakaa sawasawa huku dunia nyuma yake ikikimbia, bodaboda zinapita kama risasi, watu wa sokoni wanaruka. Hiyo inafanana na singeli yenyewe kuliko slomosheni yoyote. Soko la Mtwara mjini asubuhi lingetosha.

Wachezaji wakiwa fremu moja na mwimbaji, msiwaache wacheze wanavyotaka. Wimbo unaosikika hapo ni wa kasi, na wakiufuata wote watachoka bure na ngoma itatoka ya kawaida. Waambieni wakanyage biti moja, waache moja. Kwa kasi ya mara 2 mwendo huo ni uleule wa wimbo wa asili, mwili wanaoufundisha nyumbani tayari unaujua, na kwenye video watashuka biti moja ndiyo moja hapana, bila kutoka nje ya wimbo. Kwa mtikisiko wa kiuno wa sindimba mwendo huo unapendeza mno, kwa sababu jicho linapata muda wa kuona kazi ya kila msuli. Mpigaji wa ngoma asiwekwe nyuma ya mwimbaji kwenye kipande hicho. Mikono yake itasema uongo. Mshuti peke yake, kwa mwendo wa kawaida.

Tufike ufukweni. Spika iwekwe karibu na mwimbaji, nje kidogo ya picha, isiwekwe karibu na kamera. Sauti inasafiri takribani meta 340 kwa sekunde. Spika ikiwa meta 17 kutoka kwa mwimbaji, anasikia kwa kuchelewa sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Ukipunguza mwendo kwa nusu, kuchelewa huko nako kunakuwa maradufu, moja ya kumi ya sekunde. Utafiti wa matangazo uliomo kwenye mapendekezo ya Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, ITU, unaonyesha mtu huanza kugundua sauti ikitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, na ikichelewa kwa 125 hivi. Tunavumilia zaidi sauti inayochelewa kwa sababu ndivyo tulivyozoea maishani, radi tunaiona kwanza ndipo tunaisikia. Mdomo unaochelewa ni sawa na sauti iliyotangulia, na hapo uvumilivu wa mtazamaji ni wa fremu moja tu. Spika za Bluetooth zina uchelewaji wao pia. Ukiwa na waya, tumia waya.

Kusi likivuma katikati ya mwaka, sauti ya spika inachukuliwa na upepo na mwimbaji anakisia. Mpe kisikilizi kimoja kwenye sikio lililo upande wa pili wa kamera. Na maji yasomeni. Wakati wa bamvua bahari inakwenda mbali na kurudi kwa nguvu, mkichukua saa tatu kwenye kiitikio, ufukwe wa kipande cha kwanza na wa kipande cha mwisho si ufukwe mmoja tena. Maji mafu yanawapa nafasi zaidi. Msimbati na Ruvula ziko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo pitieni ofisi ya hifadhi kwanza, na mizizi ya mikoko msiikanyage kwa ajili ya picha.

Kitaya nataka niiseme peke yake. Kijiji kiko kando ya Ruvuma, ng'ambo ni Msumbiji. Mwezi Oktoba 2020 kilivamiwa na wapiganaji waliotoka upande wa Cabo Delgado, watu wakauawa, nyumba zikachomwa. Wanaoishi pale hawajasahau, na askari wanaolinda mpaka hawana sababu ya kuwafahamu ninyi ni nani. Kwa hiyo nendeni mchana kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji mkiwa na barua, muwaeleze wimbo unahusu nini, polisi wajue siku na saa. Msibebe bunduki za bandia wala kuvaa nguo za rangi ya jeshi, ambazo raia haruhusiwi kuvaa hata angekuwa mjini. Droni inahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na cha Wizara ya Ulinzi, na mpakani msijaribu bila hivyo. Hata wimbo wenyewe: sauti kubwa ya kasi isiyoeleweka inayotoka kwenye matete alfajiri inaweza kumtia mama hofu akakimbia na watoto. Watangazieni watu kwanza. Na mtoni msimwingize msanii majini hata hadi magotini. Ruvuma ina mamba na viboko, na slomosheni ya maji mnaweza kuipata kwa ndoo na kopo.

Kila kipande kikianza, mtu apige kofi moja mbele ya kamera, mikono yote ionekane. Kofi hilo na sauti ya spika iliyorekodiwa na kamera ndivyo vitakavyomwongoza mhariri. Sauti ile ya kasi, ikipunguzwa pamoja na picha, inarudi kwenye mwendo wa wimbo wa asili, na mhariri anaweza kulinganisha mawimbi ya sauti hizo mbili akapata mahali pa kuanzia. Napasema pa kuanzia kwa makusudi. Kama kamera ilikuwa mbali na lenzi ndefu, yenyewe ilisikia spika baadaye kuliko mwimbaji, kwa hiyo mawimbi yatalingana na mdomo bado utatangulia. Hukumu ya mwisho itolewe na midomo. Tafuta m, b au p mwanzoni mwa kipande, nyingine katikati, nyingine mwishoni, usogeze fremu mojamoja mpaka midomo ifunguke pale sauti inapofunguka.

Ukaguzi huo wa sehemu tatu unakuambia pia ugonjwa uko wapi. Mdomo ukikosea kwa kiasi kilekile mwanzo, katikati na mwisho, picha iko mahali pabaya tu, isogeze. Mwanzo ukiwa sawa na mwisho ukawa umeachana, usipoteze usiku mzima kusogeza, hesabu ya kasi ndiyo mbovu: ama fremu ni 59.94 mliyoiita 60, ama wimbo uliongezwa kwa kiasi kingine, ama taimulaini si ile mliyokubaliana. Rudi kwenye kugawanya. Na ukiyumba huku na huku bila mpangilio, ni simu iliyoshindwa kushika mwendo, hapo itabidi ukate vipande vifupi na kupanga kila kimoja peke yake.

Kupunguza mwendo kwenyewe kufanywe kwa kuiambia programu kwamba faili la fremu 50 lisomwe kama la 25. DaVinci Resolve ya bure inafanya hivyo. Msitumie ile njia ya kutengeneza fremu za uongo kati ya fremu za kweli kwenye uso wa mtu. Kwenye maji inaweza kupita, kwenye mdomo inayeyusha meno na kuzidisha midomo, na msanii wako hastahili hilo.

Kwa hiyo kabla hamjakodi gari la kwenda Msimbati au kupanga safari ya Kitaya, fanyeni jaribio la sekunde ishirini nyuma ya nyumba. Mwimbaji, spika, kamera ileile, faili lilelile, na mhariri awepo alipunguze siku hiyohiyo kwenye kompyuta atakayotumia. Kama mdomo wa jaribio umekaa, nendeni. Kama haujakaa, msiende.